Mlezi wa Kudumu

Farasi nawaogopa. Nimewaogopa tangu utotoni, na kwa miaka ishirini na mbili wamekuwa wakila nyasi shambani kwangu.

Ilianza na Jumamosi moja. Chama cha wapanda farasi kilikuwa kimefukuzwa uwanjani kwake, mwenyekiti akaja kuniomba kona ya bondeni, siku hiyo tu. Mume wangu alikuwa hajamaliza miezi miwili tangu azikwe, na ukimya wa nyumba ulikuwa unanitia wazimu. Nikasema sawa. Jumamosi iliyofuata wakaja tena, nami nikashindwa kuwakatalia. Kona ikazaa banda, banda likazaa mabanda tisa. Nikawapa maji ya kisima, nikawapa na ghala. Waliojifunzia kwangu wakiwa watoto sasa wanaleta watoto wao. Farasi nawapungia mkono kutoka barazani, kwa umbali wa heshima.

Sasa magoti yamegoma. Mdogo wangu, mjane kama mimi, ana chumba kitupu mjini, kando ya chake. Amekipaka rangi na kunisubiri miezi minne.

"Dada, mwisho wa mwezi naweka mpangaji," aliniambia wiki jana kwenye simu. "Umewaambia lakini?"

"Nitawaambia Jumamosi."

"Jumamosi ya mwaka gani?"

Ana mdomo huyo, na nimemkumbuka mno.

Jumamosi ikafika, nikavaa gauni zuri na kushuka bondeni taratibu. Nakuta viti vimepangwa, watu wamejaa, na kitambaa kikubwa kimetundikwa: MLEZI WETU WA KUDUMU. Maneno niliyoyakariri njia nzima nikayaweka kando kwanza. Mwenyekiti akanishika mkono mpaka banda la mwisho.

"Mama, ingia uone zawadi yako."

Ndani alikuwepo farasi mchanga, mwekundu, utepe shingoni. Nyuma yangu nikasikia komeo likifungwa. Watu hawa hawaachi mlango wa banda wazi hata kidogo. Wakipita tu, mkono unafunga wenyewe. Makofi yakapigwa, mtu akatangaza chakula, sauti zote zikahama.

Nikajibandika ukutani. Farasi akaninusa bega, kisha shingo, pumzi yake ya moto. Nilipiga kelele, spika zao zikanishinda. Simu ikalia mfukoni. Nilijua ni mdogo wangu, ila sikuthubutu kusogeza hata kidole. Ikakatika, ikalia tena. Hapo nikalia na mimi. Yule mnyama alikuwa na mwaka mmoja, na wenzake huishi hata miaka thelathini. Mimi nina sitini na nane.

Komeo likafunguliwa. Alikuwa mwenyekiti, sahani mkononi.

"Mama! Kumbe bado uko na mwanao? Hamtaki kuachana!"

"Nisikilize," nikasema. "Farasi nawaogopa. Nimewaogopa maisha yangu yote. Mwisho wa mwezi nahama, na sirudi."

Akanitazama: machozi mashavuni, nyasi kwenye nywele, mate ya farasi begani. Akaangua kicheko nusura amwage chakula. Akanivuta hadi mbele ya watu na kuchukua kipaza sauti.

"Jamani, msikieni Mama! Eti anaogopa farasi! Eti anatuhama!"

Bonde zima likacheka. Hakuna aliyecheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama mmoja, niliyemwona akianguka na kupanda tena akiwa na miaka sita, alikuwa anajifuta machozi ya kicheko huku amembeba bintiye. Mwenyekiti akanisogezea kipaza sauti mdomoni. Ningeweza kurudia. Nilikuwa na pumzi ya kutosha.

"Nawatania," nikasema.

Wakasimama wote kunipigia makofi. Simu ikalia tena, safari hii nikaipokea.

"Dada, vipi? Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Enhe, wakasemaje?"

Niliwatazama. Walikuwa bado wamesimama.

"Mweke mpangaji," nikamwambia.