Ufa Upande wa Dafroza

Biubwa binti Maulidi alipojenga matangi mawili makubwa ya dizeli pale Kibimba, alinunua kipande cha shamba la jirani yake, Dafroza, ili ayazungushie ukuta. Tangi likipasuka, alieleza, mafuta yabaki ndani, yasiteremke hadi chemchemi ya bondeni. Dafroza, mama mtu mzima, aliuza kwa shingo upande. Ukuta ukayazuilia jua maharage yake, na tangu hapo walisalimiana kwa mkato.

Alasiri moja Dafroza alikuwa akipalilia migomba, ardhi ikatetemeka. Akaketi palepale, akakumbatia mgomba. Alisikia mafuta yakijipigapiga ndani ya matangi, huku na huku, kwa kishindo. Ardhi ilipotulia, tangi la karibu lilikuwa limevimba kitakoni, mzunguko mzima. Bomba lilikuwa limeng'oka pale linapoungana na tangi, na dizeli ilikuwa ikimwagika kwa nguvu.

Akakimbilia nyumbani kwanza, akamwagia mafiga maji. Aliporudi alimkuta Biubwa peku, ushungi mabegani, amesimama nje ya ukuta.

"Shikamoo, mama. Jikoni kuna moto?"

"Marahaba. Nimeuzima. Njoo huku kwangu uone."

Ukuta ulikuwa umepata ufa. Ndani dizeli ilikuwa inapanda, na tayari michirizi ilikuwa ikilowesha udongo wa Dafroza.

Biubwa akavua ushungi, akausokomeza kwenye ufa. Haukutosha. Dafroza akabomoa kichuguu kwa jembe, wakaukanda ule udongo kwa maji, wakawa wanaushindilia kwa viganja, bega kwa bega. Michirizi ikapungua, mwishowe ikakoma. Biubwa akaegemea ukuta, akapiga simu kuita fundi na malori ya kuvuta mafuta.

Kabla ya jua kuzama, malori yalikuwa yamekwisha kuyavuta mafuta yote. Fundi alilitazama tangi lililovimba, akasema halifai tena. La pili, ambalo halikuwa limejaa, lilikuwa zima. Dafroza aliteremka bondeni mwenyewe, akachota maji, akayanusa, akayaonja. Yalikuwa safi.

"Kaoge kwangu," alimwambia Biubwa. "Huwezi kupanda gari unanuka hivyo."

Biubwa alitoka bafuni amejifunga kitenge cha mwenyeji wake, kifupi kidogo. Dafroza akamtazama, akacheka mpaka akaketi. Biubwa naye akacheka, akavuta sahani ya ndizi, akala kama aliyetoka kulima.