Daraja Aliloniachia

Mume wangu aliondoka nyumbani na begi la spana, mto wake wa kulalia, na zamu moja ambayo alikuwa hajaicheza. Begi na mto sikuhangaika navyo. Ile zamu ndiyo niliyoing'ang'ania.

Ngoja nieleze vizuri, maana najua wapo watakaosema mwanamke mzima na michezo ya simu wapi na wapi. Kila mtu ana ugonjwa wake. Mimi kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, kutwa niko karakanani na nta, plasta na vumbi la msasa, nikitazama midomo ya watu bila watu wenyewe. Akili nayo inataka mahali pa kwenda kutembea. Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu ambaye ni fundi lifti, dada yake ambaye ni muuguzi, na rafiki wa mume wangu wa tangu shule. Huyo tunamwita Bepari, kwa sababu kwenye mchezo hulundika dhahabu mpaka anavamiwa akiwa hana hata askari mmoja wa kuilinda.

Tulikuwa tukiuita mchezo wetu "meza", ingawa meza yenyewe iko ndani ya simu. Ni mchezo wa falme za zamani. Kila mtu ana mji wake mkuu, mashamba yake na jeshi lake, na katikati ya ramani unapita mto wenye daraja moja. Ukitekwa mji mkuu umetoka. Hauna haraka: unacheza zamu yako, unaendelea na shughuli zako, mwenzio akipata nafasi naye anacheza, kisha simu inalia kukwambia ni zamu yako. Mchezo mmoja unaweza kula miezi.

Na tulikuwa na kanuni mbili. Zote nilizitunga mimi, na nilizitunga nikiwa nimefura. Ya kwanza, hakuna kuondoka mezani mpaka mchezo uishe. Bepari aliwahi kutuacha kwenye mataa, eti kachoka kupigwa, tukabaki na ufalme usio na mwenyewe katikati ya ramani. Nilimpigia simu nikampa maneno ambayo mama yake asingependa kuyasikia. Tangu hapo hata kusalimu amri tukakuhesabu kuwa ni kukimbia: utakaa upigwe mpaka utolewe. Ya pili, kwenye kisanduku cha maongezi ni habari za mchezo tu. Mimi na mume wangu tulikuwa tukianza ugomvi jikoni tunaumalizia pale, mbele za watu, mpaka wifi yangu akasema anasikia aibu kwa niaba yetu.

Basi siku hiyo akasimama sebuleni na begi lake, akasema, "Nimechoka."

"Umechoka nini na wewe, kutwa unapanda lifti?"

Zamani angecheka. Hakucheka, na mimi moyo ukanipasuka paa. Hatukujaaliwa mtoto, nyumba ilikuwa ya kupanga, hapakuwa na kitu chochote cha kumrudisha mlangoni kwangu kesho yake. Nikakumbuka kimoja.

"Na mchezo je?"

"Mchezo gani?"

"Usijitie hamnazo. Kanuni unaijua."

Akaweka begi chini, akajishika kiuno kama anavyofanya akikuta mota imeungua. "Nitaumaliza," akasema. "Nimekuahidi."

Mnajua ni mtu wa namna gani huyu? Akisema lifti itapona Ijumaa, Alhamisi watu wanapanda. Nilifunga mlango nikalia mpaka nikapata kwikwi, lakini huku nalia, ndani yangu kuna kitu kinachekelea. Mtu aliyeapa kwamba kila siku atarudi mezani pangu, huyo hajaniacha. Kajisogeza tu.

Simu zangu akawa hapokei. Meseji zangu alizijibu kupitia kwa dada yake. Lakini mezani, ah, mezani alikuja bila kukosa. Bepari akatoka mapema kama kawaida yake, baadaye wifi yangu naye nikamtoa, tukabaki wawili, mto katikati. Wale wengine wakawa watazamaji wenye midomo.

Na mimi nikapata njia ya kumjulia hali bila kuvunja kanuni. Nikawa namuuliza kwenye kisanduku, "Askari wako wamekula leo?"

"Wamekula," anajibu.

Natulia. Kala. Siku nyingine nauliza, "Farasi wako bado wana kikohozi?" Maana alikuwa na kifua kibovu tangu tuoane. Anajibu, "Wazima." Basi naingia kazini napiga msasa meno ya watu huku naimba.

Halafu akaanza mambo ambayo hajawahi kuyafanya. Siku moja nafungua ramani, nakuta kaondoa jeshi lake lote darajani. Jamani, daraja lile! Miaka yote niliyocheza naye alililinda kama mboni ya jicho lake. Niliwahi kumnunia wiki nzima kwa sababu ya daraja. Sasa liko wazi, wapanda farasi wake kawapeleka milimani, mahali ambapo hamna hata mbuzi wa kuiba. Nikashika kifua. Nikasema, mwanamume anayekuchukia hakuachii daraja.

Baadaye akanitumia msafara wa nafaka. Bila kuomba! Baadaye tena akabomoa ukuta wa mji wake mkuu kwa mkono wake mwenyewe, upande unaotazama kwangu. Nikasoma ile ramani kama msichana anavyosoma barua ya kwanza. Mdomo wake siku zote ulikuwa mzito, mapenzi yake aliyasema kwa mikono: akikosea, asubuhi unakuta pasi imetengenezwa. Nikajua ananiomba msamaha kwa namna anayoiweza. Kidogo kidogo atarudi.

Sasa mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Ningevuka daraja ningemaliza mchezo siku ile ile. Mchezo ukiisha meza inafungwa, na kisanduku nacho kinafungwa. Nani atanijibu kwamba kala? Kwa hiyo sikuvuka. Nilichimba visima. Nilijenga maghala. Jeshi langu nililizungusha huku na huku upande wangu wa mto kama watu wanaotafuta choo kwenye jengo geni.

Bepari akaandika, "Shemeji, unapigana au unalima?"

"Tulia wewe, ulishakufa," nikamjibu.

Mume wangu yeye hakuandika kitu. Alicheza zamu yake, akawasogeza farasi mbali zaidi.

Ndipo wifi yangu akanijia karakanani, mchana, bado kavaa sare yake ya hospitali. Nilikuwa napanga meno ya mbele kwenye nta, kazi inayotaka pumzi. Sikunyanyua kichwa.

"Karibu wifi. Sogeza hizo taya ukae."

Akakaa. Akachukua kipande cha plasta akawa anakizungusha mkononi. Wifi yangu akinyamaza ujue kuna jambo, maana huyo hata usingizini huongea.

"Wifi," akasema, "umalize ule mchezo."

"Nitaumaliza. Haraka ya nini?"

"Umemzidi kila kitu. Daraja liko wazi, ukuta hana."

Nikaweka kisu chini, nikatabasamu kama mjinga. "Ulimwona kaka yako alivyobomoa ukuta? Wewe ulidhani kwa nini? Na nafaka je? Ananibembeleza, wifi. Hajui kusema, ndiyo anavyosema."

Akanitazama. Ninayajua yale macho. Ndiyo anayowatazama nayo ndugu wa mgonjwa pale kwenye korido.

"Nafaka alikutumia kwa sababu ulikuwa unauliza habari za chakula kila siku," akasema taratibu. "Aliniuliza mimi, huyu mbona haulizi kingine, au kwake kuna njaa, ndiyo maana jeshi haliwezi kutembea? Nikamwambia mpelekee basi nafaka, labda atavuka."

Nikayatazama yale meno kwenye nta.

"Wamekula," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Nani?"

"Hakuna."

Akavuta kiti karibu. "Wifi yangu, mimi nakupenda, na hili sikutaka kulileta mimi. Kaka kapata mtu. Wanataka kuoana wahamie mji mwingine, kuna kampuni kule imempa kazi. Yule mwanamke kamwuliza, kila siku simu inalia, unafungua ramani, kuna nini? Akamwambia ukweli, kwamba nimemwahidi mke niliyemwacha kuwa sitaondoka mpaka mchezo uishe. Yule akasema sawa, lakini siingii kwenye nyumba yenye ahadi ya mwanamke mwingine. Ukiisha, niite."

"Si aache tu? Si abonyeze asalimu amri?"

"Kanuni ya nani ile?"

Nikaokota kisu changu cha nta.

"Nilimwambia akuombe," akaendelea. "Akasema, akijua atachimba visima mpaka tuzeeke."

"Ningechimba," nikasema. "Wallahi ningechimba mpaka bahari itoke."

Akacheka kidogo, halafu akaanza kulia yeye, na mimi ndiye nikambembeleza. Tazama dunia! Kaniletea msiba, halafu namfuta machozi kwa kitambaa cha vumbi la meno. Nilipomsindikiza mlangoni alinishika mikono yote miwili, akaniambia, "Utabaki wifi yangu." Nikamwambia nenda kazini, wagonjwa wanakusubiri.

Nikarudi nikafungua ramani. Nataka muelewe: hakuna kitu kilichobadilika pale. Daraja lile lile, ukuta ule ule ulioanguka, farasi wale wale milimani. Asubuhi yake tu nilikuwa nimeiangalia nikaona mtu ananiita. Sasa naangalia naona mtu aliyefanya kila awezalo ili apigwe, mwezi baada ya mwezi, na mpigaji hataki kunyanyua mkono. Kila nilipojenga ghala, yeye huko aliko alikuwa anakuna kichwa, na mwanamke wa watu anauliza, bado? Askari wamekula. Wamekula kwa nani? Sikuwahi kuuliza.

Nikakasirika, sisemi uongo. Nikasema akome. Kanuni ni kanuni. Atakaa hapo mpaka mvi zimtoke masikioni, na huyo bibi harusi wake atasubiri mpaka achoke aende kwao. Nilikuwa na visima vya kuchimba, nilikuwa na msitu mzima sijaufyeka. Nilikuwa na mume mkononi mwangu, nimemfunga kwa neno lake mwenyewe, na hakuna mahakama wala mzee wa familia ambaye angeweza kumfungua isipokuwa mimi. Niliona utamu wa kitu hicho. Nikauonja kabisa.

Lakini kisha nikamfikiria anavyofungua simu. Ananyoosha kidole chake kile chenye kovu la waya, anaona nimejenga ghala jingine, anashusha pumzi, anamwambia mwenzake, bado. Wala hanitukani, hata kwa dada yake hakuwahi kunitukana. Mtu huyu nilimpenda. Bado nampenda, ndiyo balaa lenyewe. Na mtu ninayempenda alikuwa ananisubiri nimwachie, kwa adabu, kama anavyomsubiri mteja mwenye ufunguo wa chumba cha mota.

Nikavusha jeshi lote daraja. Hakuna aliyenizuia. Nikaandika kwenye kisanduku, "Zamu ijayo naingia mjini."

Zamani alikuwa anachukua nusu siku kujibu. Safari hii simu ililia hapo hapo: kacheza, kasogeza farasi mmoja basi, kunirudishia zamu haraka. Chini yake kaandika neno moja, "Karibu."

Karakana ilikuwa na mteja, bibi mmoja aliyekuja kuchukua meno yake, kakaa kwenye benchi, mdomo umeporomoka, mkoba magotini. Nikamwomba dakika moja. Nikaweka kidole juu ya mji mkuu wa mume wangu, mji ambao tuliupa jina pamoja tukiwa kitandani, tunacheka, na nikaingia. Mchezo ukapiga tarumbeta zake za kipuuzi, ukatupa dakika moja ya kuagana kabla kisanduku hakijafungwa. Bepari, ambaye hajui lolote, akaandika, "Hongera shemeji! Umemfyeka!"

Kisha yeye akaandika. Niliona maneno yanakuja nikashika ukingo wa meza. Huyu mtu tangu anichumbie aliniita bibie. Tukinuniana aliniita wewe. Siku anaondoka hakuniita chochote.

"Asante sana, dada," aliandika. "Mungu akubariki."

Dada! Dada ni mtu unayemwuliza kituo cha basi kiko wapi. Nilitaka kumjibu, hata sijui nimjibu nini, lakini kisanduku kilikuwa kimeshafungwa.

Nililia kwa sauti, na mota ya msasa bado inazunguka. Yule bibi akainuka kwenye benchi, akaja akasimama mbele yangu. Kusema alikuwa hawezi, meno yake nilikuwa nimeyashika mimi. Akanivutia kifuani pake, akanipigapiga mgongoni, na mimi nikazidi kulia, nimeyakumbatia meno yake.