Nota Alizozishusha Mkuu

Ulisikia. Usiniangalie hivyo. Alhamisi ile mchana, tarumbeta lilipopanda mpaka bati la ukumbi wa mji likatetemeka, wewe ulikuwa kibarazani ng'ambo ya barabara. Uliinua uso, kisha ukajifanya unatafuta kitu mfukoni. Nilikuona nikiwa dirishani mwa ukumbi. Mimi ndiye mpiga ngoma kubwa wa bendi ya mji; kazi yangu ni kupiga na kungoja, na anayengoja huona mengi.

Leo utanisikiliza.

Miaka kumi na tisa Mkuu wa bendi yetu ameshika penseli nyekundu. Kila karatasi ya muziki ikiingia, nota ya juu asiyoifikia yeye anaikata, anaishusha. "Midomo ya hapa haifiki huko," husema. Karatasi zikapigwa fotokopi, na fotokopi zikapigwa fotokopi, wekundu ukageuka weusi, hata wapya wakadhani mtunzi mwenyewe aliandika hivyo. Watu wazima wenye mapafu kama mivukuto wakaamini wamezaliwa wafupi wa pumzi.

Mdogo wangu wa kike hakuamini, kwa sababu hakufundishwa. Ni fundi cherehani. Anashona sare zetu kwenye stoo ya ukumbi. Tunamwita Sindano. Mwaka jana bendi ya wageni ilipita hapa, na mwanamke mmoja, mwembamba kuliko yeye, akaipiga kwa tarumbeta nota ile ya juu ya wimbo wetu wa kufungulia, huku anatembea. Anatembea! Sindano alirudi nyumbani asile.

"Kaka, yule ana mapafu mangapi?"

"Mawili."

"Basi hata mimi ninayo."

Akaokota tarumbeta bovu la stoo, akaziba tundu kwa nta ya uzi, akajifungia na majaketi yetu miezi kumi na mmoja.

Alhamisi ile Mjomba Kifua, mpiga tarumbeta wetu wa kwanza, alikuwa anarudia wimbo wa kufungulia. Sindano akatoka stoo, akatema pini kiganjani. "Shikamoo, mjomba. Hapo pameshushwa." Akapiga. Nota ya juu ikatoka nzima, bati likatetemeka.

"Rudia, mama," mzee akasema, kofia mkononi.

Akarudia. Mzee naye akajaribu; mara ya kwanza likalia kama mbuzi, tukacheka. Mara ya tatu nota ikatoka. Dakika ishirini tu! Kabla ya saa kumi mpiga tarumbeta wa pili naye alikuwa ameipata. Mkuu na katibu wake walipoingia, Mjomba alilia, wala si kwa furaha. "Mkuu, nani atanirudishia miaka yangu?"

Mkuu akaanza kukusanya karatasi zake. Sindano akasema, "Nafasi ya tarumbeta la tatu iko wazi. Naitaka."

"Utapimwa. Jumatatu saa nne, ndani ya stoo, mlango umefungwa. Mimi na katibu wangu tu."

"Kwa nini stoo?"

"Si ndiko ulikozoea?" Katibu akaangua kicheko.

Mimi sisahau. Mwaka wa mafuriko kuna mpiga klarineti alipimwa ndani ya stoo hiyohiyo. Tuliokuwa nje tulisikia hakukosea hata mahali pamoja. Karatasi ikabandikwa: ameshindwa. Nikaisoma, nikajifunga ngoma yangu, nikaenda mazoezini. Ndiyo, mimi. Na baada yake hakuna aliyejaribu tena.

Macho hayana pazia, na Mkuu analijua hilo. Aliyemwona Sindano akipiga, huwezi kumdanganya tena kuhusu midomo yake. Ndiyo maana wanataka mlango.

Leo ndiyo Jumatatu. Saa tatu na nusu. Sindano yuko ndani. Mjomba Kifua amekalia kizingiti cha stoo ili mlango usifungwe, amegoma kuondoka, lakini ni mzee mmoja, na katibu ameenda kuita walinzi. Ukumbi ule ni wa mji, maana yake ni wako. Usiniambie utaona kesho. Kesho utasoma karatasi. Inuka. Mshike mkono na huyo jirani yako, njooni msimame kwenye kizingiti kile, walinzi wakute watu. Twende. Sasa hivi!