Kikombe Kimoja cha Petroli

Jumapili, tarehe 5 Oktoba 1980. Asubuhi upepo wa baridi ulivuma Malangali.

Ambilikile alikuwa ameibiwa matairi ya Pijo yake mara mbili, akamshuku shemeji yake, Andwele. Kila jioni alisali, si mwizi atubu, bali aumbuke. Siku hiyo aliacha ufunguo garini, na kikombe kimoja tu cha petroli tangini.

Enzi hizo serikali ilikataza magari kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa hiyo ngurumo ya Pijo saa tisa ilitoa watu wote nje. Ikazimika mbele ya kanisa. Andwele alikuwa kwenye usukani.

“Safari ya wapi, shemeji?” Ambilikile akamuuliza kutoka mlangoni pa kanisa.

“Nilikuwa naipasha moto tu!”

Watu wakaangua kicheko.

“Mbele ya Mungu na waumini hawa,” Ambilikile akasema, “naahidi: utaisukuma mpaka polisi, nami nitakaa ndani.”