Siku ile nati ilikazwa

...kuvuta ni kufungua, kusukuma ni kukaza, hilo Eveline analijua hata akiwa usingizini, lakini kaka yake Ambrosi, aliyekaa juu ya rundo la mbao za paini na mguu wake mbovu ameunyoosha, anamwambia kwa mara ya tatu, "Nati, Eveline, angalia nati," utadhani anasema na mtoto wa chekechea, haya, tunaangalia nati, meni swichi imezimwa, kipande cha mbao kimebana meno ya msumeno mpya usizunguke, spana imeingia, mikono inatetemeka kidogo lakini hiyo ni baridi, Julai ya Mbeya haina adabu, ni baridi tu... mwaka mzima hajaigusa mashine hii, mwaka mzima ni msasa na vanishi, vanishi na msasa, na leo kaitwa kwa sababu tu Timotheo aliyekuwa akipasua ametimkia Makongolosi kutafuta dhahabu, na msumeno wa zamani umeng'oka meno kwenye msumari, na mabenchi ya kanisa yanatakiwa Jumamosi, sasa ndiyo Eveline amekuwa mtu, "Umekaza?" bado, kaka, ndiyo kwanza naweka washa chini ya nati, tulia... siku ile ya mwaka jana pia kaka aliuliza hivyohivyo, umekaza, Eveline akajibu nimekaza, akabonyeza swichi, mashine ikanguruma, hata ubao haujaguswa, msumeno ukachomoka kwenye shafti, ukadondoka sakafuni, ukakimbia kama gurudumu hadi kwenye mguu wa Ambrosi, aliyesimama ng'ambo ya meza kusubiri kupokea ubao, loo, ile damu kwenye vumbi la mbao, na kabla wiki haijaisha mtaa mzima wa Ilomba unajua kwamba Eveline hakukaza nati, mama kapiga simu kutoka Idodi, mwanangu, kazi hiyo waachie wanaume, na Eveline naye akaamini, hapo ndipo panapouma, akaamini, akawa anapiga magoti kanisani na kumuuliza Mungu kwa nini msumeno haukumjia yeye mwenye kosa, yeye aliyekuwa amesimama huku, kwa nini ukaenda kule kwa mtu asiye na hatia... "Nasema hivi, usije ukaniua safari hii," anatania Ambrosi, anacheka peke yake, kicheko cha kujifariji, na Eveline anasukuma spana, inakwenda, inakwenda, inagoma, angeweza kuining'inia kwa uzito wake wote, lakini mzee Liberatus aliyemfundisha kule Mafinga alikuwa akimchapa kofi la bega kila alipofanya hivyo, nati hii haitaki hasira, binti, tunaikaza kinyume na msumeno unavyozunguka, kwa hiyo mashine ikizunguka inazidi kuikaza yenyewe, inazidi kuikaza... ngoja. Ngoja kwanza. Inazidi kuikaza. Basi siku ile ingefungukaje? Hata kama angeiacha na ulegevu wa robo mzunguko, mashine ingeimalizia, haiwezi kufunguka, labda mashine izunguke kinyume, na haiwezi kuzunguka kinyume, labda... asubuhi ya siku ile, Mungu wangu, asubuhi ile fundi umeme alikuja kubadilisha stata, kile kiwashio cha mota, akafungua nyaya tatu za mota, akazirudisha, akaondoka akipiga mluzi, na juzi tu kwenye mashine ya kusaga ya Zubery si mota ilizunguka kinyumenyume, unga hautoki, Zubery akacheka, wamezipishanisha nyaya mbili tu, dada, mbili tu, naye Eveline akabeba mahindi yake akaenda zake kama mjinga, hakuunganisha! Na msumeno, msumeno wenyewe, ukizunguka sawasawa meno yake ya juu yanakuja kwa anayepasua, ndiyo maana vumbi humjaa kifuani, sasa ukidondoka chini unazunguka hivyo utakimbilia wapi, utakimbilia kwake, kwake yeye, ungemjia Eveline, lakini ulikwenda kule, ulikwenda kwa Ambrosi kwa sababu ulikuwa unazunguka kwenda kule, jibu la maombi yote yale lilikuwa sakafuni tangu siku ya kwanza... na kesho yake nani alirudi hapa, akafungua boksi la stata peke yake, akachokonoachokonoa nyaya, akafunga, akafuta mikono, akasema umeme hauna shida, jamani, ni nati, nani alilitamka neno hilo wa kwanza kama si yule fundi umeme! Nilikaza. Mimi nilikaza. Furaha inampanda kutoka tumboni, anataka kupiga vigelegele, anataka kukimbia mpaka stendi akapande basi la Iringa, ashukie Mafinga amkumbatie yule mzee na makofi yake, anataka kumpigia mama sasa hivi, lakini mikono iko kwenye spana, imetulia tuli, na baridi ni ileile, kumbe haikuwa baridi, anaisukuma nati mara ya mwisho, kwa kiasi, bila hasira, inabana, tosha.

"Umekaza?" anauliza Ambrosi.

"Nimekaza, kaka."

"Una hakika?"

"Ninayo. Na siku ile nilikaza."

Ambrosi anainama mbele autazame uso wa mdogo wake. Swichi bado imezimwa, kipande cha mbao bado kimebana meno. Eveline anaokota mfuniko wa kopo la vanishi, anausimamisha sakafuni kwa ukingo wake kama gurudumu, kati ya meza na mguu wa kaka yake.

"Shuka hapo juu, kaka," anasema. "Njoo uone msumeno ulienda wapi, na kwa nini."