Asali Siyo Sukari

Mimi nyuki nimefuga tangu meno yangu yote yako mdomoni, huku kwetu Nduguti, na leo nataka kuwasimulia habari ya kidole gumba cha mguu wangu wa kulia. Msicheke. Mtu anayepanda miti kutundika mizinga, kidole gumba ndicho kinashika gome. Mikono inavuta tu. Bila kidole hicho unakaa chini kama kuku.

Sasa mwaka huu, tumeshavuna alizeti, nikakanyaga kisiki chake shambani kikanichoma hapo hapo kidoleni. Kakidonda kadogo, nikakadharau. Kakakataa kupona. Alizeti ikakamuliwa, mafuta tukaanza kupikia, kidonda bado kibichi. Mke wangu Theresia akanikokota mpaka zahanati.

Pale kuna nesi anaitwa Flora, binti mwenye adabu, hata foleni iwe ndefu vipi shikamoo haimpiti. Akanitoboa kidole cha mkono, akaweka tone la damu kwenye kamashine. Halafu akaniambia nina sukari, ndiyo maana kidonda hakifungi. Akanipa na vidonge.

"Acha sukari kabisa, mzee wangu," akasema. "Ukiendelea nayo, hicho kidole watakuja kukikata."

Nilitoka pale nakanyagia kisigino.

Nyumbani Theresia hakuchelewa. Kopo la sukari likaenda kwa jirani, pamoja na biskuti na soda za wageni. Mimi nimekaa kwenye kigoda nawaza, sasa chai nitainywaje? Nikakumbuka, mbona ndani nina ndoo za asali? Asali siyo sukari. Sukari inatoka kiwandani, inakuja na mfuko. Asali inatoka kwa Mungu, inakuja na nyuki. Tangu babu zetu, mtoto akikohoa anapewa asali, mama akijifungua anapewa asali. Basi nikatia kwenye chai, nikatia kwenye uji wa uwele, kiazi kikichemshwa nachovya. Na kwa kuwa ni dawa, sikuipimia.

Nikarudi kwa Flora natembea kama mtoto anayengoja kusifiwa. Akapima. Akapima tena. Sukari imepanda kuliko mwanzo. Akaniuliza kama nimekula sukari, nikaapa kwa marehemu mama yangu, hata chembe. Akakitazama kidonda, akasema atanipa muda kidogo, kisipobadilika ataniandikia niende hospitali kubwa, huko ndiko wataamua habari ya kidole.

Hofu ninayo, sikatai, ila zaidi nilitaka kujua. Hii sukari inaingilia wapi? Sisi watu wa nyuki, ukitaka kujua wamekaa wapi, unamvizia mmoja anakunywa maji, unaangalia anarukia upande gani, unamfuata polepole. Nikasema na sukari nitaifuata hivyo hivyo mpaka mzingani kwake.

Nikaanza na Theresia. Nikamuuliza kama anatia kitu kwenye mboga. Akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Baba Gerald, wewe umeona wapi mlenda unatiwa sukari?"

Nikahamia kwenye maji ya kisima. Nikahamia kwenye dawa ya meno aliyoleta mwanetu Gerald, maana nayo ni tamu tamu, nikairamba. Hakuna kitu.

Nikaenda kwa rafiki yangu Othmani, mwenye duka pale sokoni. Huyu ana sukari miaka mingi na kamashine anako kake mwenyewe. Akasema leta vyakula vyako tuvihoji kimoja kimoja. Ikawa nafika asubuhi sijala, ananitoboa, nakula nilicholeta, tunakaa, ananitoboa tena. Chai tupu, namba imetulia. Uji mtupu, imepanda kiasi. Siku ya asali mimi nilikwenda nayo kwa raha zangu. Hiyo sikuipeleka kama mshitakiwa, niliipeleka kama shahidi. Nikatia kwenye chai kama ninavyotia siku zote, nikanywa, tukaongea habari za mbuzi, muda ukafika, akanitoboa. Othmani akavaa miwani, akakasogeza kamashine kwenye mwanga.

"Yohana," akasema, "mwizi wako ana mabawa."

"Asali siyo sukari."

"Mimi sibishani na wewe. Bishana na damu yako."

Nilimnunia. Lakini nilipomaliza kununa nikaenda zahanati, nikamuuliza Flora mbona hakuniambia habari ya asali.

"Mzee, nilisema sukari."

"Na mimi nilisikia sukari."

Akaziba mdomo asicheke mbele ya mtu mzima, akashindwa. Kumbe kwake yeye sukari ni kila kinachotiwa kuleta utamu, asali imo, soda imo, na juisi za dukani. Kwangu mimi ni ile inayopimwa kwa kilo. Tulikuwa tunaelewana vizuri kabisa na kila mtu anasema lake.

Nikaiacha. Siwadanganyi, chai ya kwanza ilikuwa kama maji yaliyochemshiwa fimbo. Ila ulimi nao ni kitu cha ajabu. Baada ya muda nikaanza kusikia uwele una utamu wake, wa mbali, na maziwa ya masika na ya kiangazi hayafanani. Miaka yote hiyo sikuwahi kujua. Vidonge nikameza, kidonda Theresia akakiosha, kikaanza kukauka pembeni, kikafunga. Barua ya hospitali kubwa haikuandikwa.

Juzi nimepanda mninga. Mkwe wangu Bonifasi yuko chini na ndoo. Marehemu baba alinifundisha kwamba anayepanda ndiye anaonja sega la kwanza, huko huko juu, kabla hujateremsha kitu. Nikafungua mzinga, sega likaja mkononi lina joto. Kidole kimeshika gome, kinauma kidogo lakini kimeshika. Nikalinusa sega muda mrefu. Kuna ua humo ndani sikulijua. Nikakata kipande nikakiteremsha kwa kamba.

"Baba, umeshaonja?" Bonifasi akauliza.

"Onja wewe, uniambie ni maua gani."

Akatafuna. Akasema tamu. Nikamwambia tamu naijua, nakuuliza maua. Akatafuna tena, safari hii amefumba macho, na mimi nimesimama kule juu namngoja.