Ghorofa ya Juu ya Mzinga wa Bibi

Ta. Ta. Ta-ta. Ta.

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mto, na sikuona hata paa la jirani, lakini sauti ile niliijua. Ilikuwa mashine ya kupigia pini. Meneja Pyo alikuwa anaivisha mizinga yake makoti.

Huyu Pyo alikuwa meneja wa tawi la bima jijini Daegu. Alipostaafu alihamia kwetu Solgol, chini ya mlima Jiri, na vitabu sita vya ufugaji nyuki na kofia ya wavu aliyoivaa hata akienda kumwagilia kabichi. Umeneja uliisha miaka miwili iliyopita, ila kijiji kizima kiliendelea kumwita Meneja, maana mtu kama yule ukimvua cheo ghafla anaweza kushikwa na mafua.

Ukungu ulipopungua nikamwona amepiga magoti, pini kadhaa amezibana kwa midomo. Mizinga yake minne, ya masanduku yaliyopandana, ilisimama kwenye mstari ulionyooka, kila mmoja umefungwa sponji nene ya rangi ya fedha. Iling'aa kama masufuria ya umeme ya kupikia wali kwenye dirisha la duka.

"Meneja," nikamwita juu ya ukuta. "Unawapeleka wapi? Mwezini?"

Akatema pini kiganjani. "Mbao peke yake hupoteza joto, Gyu-cheol. Nimesoma."

"Najua umesoma. Na asali ya mwaka huu umevuna kiasi gani?"

"Sijavuna. Huu ni mwaka wao wa kwanza. Kitabu kinasema waachiwe yote."

"Kwa hiyo wewe ni mfugaji nyuki usiye na asali. Ngoja niwaambie wazee kwenye ukumbi wa kijiji, wapate cha kuchekea wakicheza karata."

Akatoa daftari mfukoni, akatazama kipimajoto kilichoning'inia kwenye mti wa matunda ya persimoni, akaandika. "Nyuzi nne," akasema, kana kwamba hilo ndilo jibu kwangu. Kisha, bila kuinua macho: "Lile kundi nililokuomba la nyuki wa bibi yako. Umelifikiria?"

Hiyo ilikuwa mara ya tatu kuniomba.

"Nimelifikiria. Nyuki wa bibi yangu hawavai makoti."

Nilikuwa na haki ya kujivuna, au ndivyo nilivyoamini. Miaka kumi na miwili iliyopita ugonjwa wa mabuu uliingia bonde letu na nyuki wa asili wakafa mzinga baada ya mzinga, mpaka watu wakachoma masanduku yao matupu kama kuni. Ulibaki mzinga mmoja tu, ule wa bibi yangu, chini ya mwamba nyuma ya nyumba. Ni masanduku matano ya mbao yaliyopandana kama ghorofa. Asali hukaa juu, watoto huwa chini. Kila mwaka baada ya jalidi la kwanza, umande unapoganda majanini, tulikata ghorofa moja ya juu kwa waya mwembamba. Moja tu. Zilizobaki ni chakula cha nyuki mpaka maua ya mwezi wa tatu.

Mwaka huu nilikata mbili, tena kabla ya jalidi.

Sababu ni tamasha la vuli la wilaya. Palikuwa na mashindano ya masega, na washiriki walikuwa watu wa aina ya Pyo, wenye glavu nyeupe na vijisega vya ukubwa wa sabuni. Niliona haya kwa niaba yao. Nikapeleka ghorofa mbili nzima, masega marefu kama mkono wangu, nikaweka mezani bila hata kitambaa. Nilishinda, nikapewa mkanda mwekundu wa satini, na masega yote nikawagawia watu waonje, kwa ukarimu wa mtu anayegawa kisicho chake. Niliporudi niliingiza masanduku mawili matupu chini ya mzinga ili Bibi, akitazama kutoka kibarazani, ahesabu matano kama kawaida. Nyuki watayajaza, nilijiambia. Kisha mvua ikanyesha siku kumi mfululizo na nyuki hawakutoka.

Asubuhi ile ya sponji ndiyo ilikuwa asubuhi ya jalidi la kwanza. Niliporudi ndani nikamkuta Bibi amemaliza kusuka kofia ya mabua ya mpunga, ile ambayo huufunika mzinga kama sketi hadi miguuni. Alikuwa anakata mabua ya mwisho kwa meno.

"Nipandishe mwambani," akasema.

"Bibi, kuna utelezi. Nitauvisha mwenyewe. Magoti yako yale."

"Magoti ni yangu. Mgongo ni wako. Leta jige."

Jige ni miti miwili ya kubebea mzigo mgongoni. Kuni hubebwa humo, magunia ya viazi hubebwa humo, na tangu magoti ya Bibi yagome, Bibi pia. Kila vuli hukumbatia mzinga kabla haujavishwa. Hakuna mizani nyumbani kwetu. Mizani ni kifua chake. Nikambeba polepole kuliko nilivyowahi kubeba kitu chochote.

Pyo alikuwa getini kwake. Akainama kumwamkia Bibi. "Mama, naweza kuja kutazama?"

"Si sinema," nikasema.

"Njoo, Meneja," Bibi akasema juu ya kichwa changu. "Ulete na kitabu chako."

Mwambani nilimshusha. Aligonga sanduku la katikati mara mbili kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. Ndani kulijibu mvumo mfupi, kisha kimya. Akatabasamu. Malkia yupo. Kisha akafungua mikono, akaukumbatia mzinga, akashikanisha vidole upande wa pili na kuuinamisha kidogo sana upande wake.

Alikaa hivyo muda mrefu. Shavu lake lilikuwa kwenye mbao na macho yake kwangu.

"Gyu-cheol."

"Naam, Bibi."

"Hata mwaka wa ugonjwa mzinga ulikuwa mzito kuliko hivi."

Nikainama kukaza kamba ya jige.

"Ulikata lini?"

"Kabla ya tamasha."

"Ghorofa ngapi?"

Nilimtazama Pyo. Alikuwa anachunguza viatu vyake, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angecheka.

"Mbili."

Bibi akaurudisha mzinga wima, taratibu, kama anayemlaza mtoto. "Ule mkanda mwekundu ulioutundika ukumbini," akasema, "unaliwa?"

"Hapana, Bibi."

"Basi hawa watakula nini mwezi wa pili?"

"Nitawapa maji ya sukari." Mimi ndiye niliyesema ukumbini kwamba anayelisha nyuki sukari na auze duka la pipi.

"Chini ya nyuzi kumi hawashuki kunywa," Pyo akasema kwa sauti ndogo. "Tena maji mengi ndani ya mzinga wakati huu huleta unyevu wa kuwaua."

"Amesema kweli," Bibi akasema. "Sukari ilikuwa ya mwezi uliopita, wakati unajivisha mkanda. Asali ipo hapa kijijini, Gyu-cheol. Imevaa makoti. Lakini mimi siiombi. Sikukata mimi."

Basi nikageuka. Nimewahi kubeba majiko ya chuma na jokofu la ukumbi kupanda mlima huu, na hakuna kilichokuwa kizito kama sentensi iliyofuata.

"Meneja. Nahitaji ghorofa moja ya asali."

"Unaomba au unaagiza?"

"Naomba."

Akafungua daftari, akalifunga. Mtu yule alikuwa anafurahia, na sikuweza kumlaumu, jambo ambalo pia lilinichukiza. "Nilipokuwa kazini," akasema, "walikuja watu kudai fidia baada ya kuchoma nyumba zao wenyewe. Unajua niliwajibu nini?"

"Uliwakatalia."

"Kwa barua, yenye muhuri." Akauangalia mzinga. "Ila hawa hawakujichoma. Mzinga wangu wa tatu ndio mzito. Nimeupima kila Jumapili. Nikitoa ghorofa ya juu, wenyewe wanabaki na cha kuwatosha na kilo mbili za ziada. Na kama unaogopa ugonjwa, wapimaji wa wilaya walikuja mwezi wa tisa. Karatasi ninayo."

Bila shaka karatasi alikuwa nayo.

Tulifanya kazi mchana huohuo, jua likiwa juu ya mlima. Alining'olesha pini zote za mzinga wa tatu, moja moja, naye akazihesabu akiziweka kwenye kopo, maana kwake hata pini hustaafu kwa utaratibu. Tukapuliza moshi kidogo ili nyuki washuke. Nilipitisha waya chini ya ghorofa ya juu nikauvuta huku na huku, na harufu iliyotoka pale ilikuwa nzuri kupita kiasi kwa asali ya mtu mwenye vitabu sita. Nikaibeba kwenye jige, imefunikwa kitambaa chenye maji, huku Pyo akinifuata na ufagio mdogo, akiwafagia nyuki watatu waliokataa kushuka na kuwaomba radhi.

Yale masanduku mawili matupu niliyatoa chini mbele ya Bibi. Hakuyatazama. Tukaipandisha ghorofa ya Pyo juu, nikaziba nyufa kwa udongo, nikaacha mlangoni tundu la kupita nyuki wawili na lisilompitisha panya. Mzinga sasa ulikuwa na ghorofa nne, na kofia iliyosukwa kwa ajili ya tano ikaburura chini. Bibi akaomba mkasi, akaikata sehemu ya mlango bila kusema kwa nini ilikuwa ndefu.

Kisha akaukumbatia tena, akauinamisha.

"Sasa inatosha," akasema.

Tuliposhuka, Bibi akiwa mgongoni, Pyo alienda moja kwa moja kuuvisha tena mzinga wake uliobaki uchi. Nilimtua Bibi kwenye ukuta, nikaruka upande wa pili, nikaishika sponji ili isipeperuke. Bado naona ni upuuzi. Ni plastiki inayotoa harufu ya viatu vipya, na mabua ya mpunga hayajawahi kumwangusha mtu. Lakini niliishika imenyooka.

Ta. Ta-ta. Nilisubiri anidai kitu. Hakudai. Alipiga pini, akaandika daftarini, akapiga pini. Bibi alikaa ukutani akila persimoni iliyokauka nusu, akinitazama kama vile nami ni mzinga unaopimwa.

"Meneja," nikasema.

"Mm." Midomo ilikuwa na pini.

"Kundi la kwanza litakalotoka mwambani mwezi wa tano ni lako. Sitalituma kwa mtu. Nitalileta mwenyewe, mgongoni."

Akazitoa pini mdomoni. "Nyuki wa bibi yako hawavai makoti."

"Watavaa," nikasema. "Vuli ijayo nitayashika mimi, na wewe utapiga pini."